Nimeambiwa nyonga imehama, na kila wiki inarudishwa

Shikamoo daktari,

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 31 na watoto wawili. Wa pili ana mwaka na miezi miwili. Shida yangu ilianza nikiwa na mimba yake ya miezi saba, nikadhani nikijifungua itaisha. Nikajifungua salama, kwa njia ya kawaida, na shida ikabaki.

Maumivu yapo upande wa kulia, chini ya mkanda, pale penye kishimo cha mgongoni. Naweza kukuonesha kwa kidole kimoja. Yakichachamaa yanashuka kwenye kalio na nyuma ya paja, ila gotini hayafiki. Usiku kujigeuza kitandani ni kazi, mume wangu anaamka kwa miguno yangu. Kupanda daladala, ule mguu wa kwanza kwenye ngazi, naumia. Kuvaa sketi nimesimama kwa mguu mmoja sithubutu tena. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na nikikaa saa nzima naondoka natembea kama bata, hatua tano sita ndipo nanyooka. Asubuhi nakakamaa kama dakika tano hivi. Homa sina, mkojo na choo havina shida.

Hospitali walinipiga picha wakasema mifupa iko vizuri, wakanipa vidonge. Vikiisha, tunarudi pale pale. Ndipo mteja wangu mmoja akanipeleka kwa mtu anayerekebisha migongo na nyonga. Alinilaza kifudifudi, akashika visigino vyangu, akamwita mume wangu aje ajionee: kisigino cha kulia kimepanda juu vidole viwili. Akasema nyonga ya kulia imezunguka mbele na kupanda, na uti wa mgongo umeshaanza kupinda kuifuata. Akanilaza ubavu, akaniminya kwa uzito wake wote, ikalia "kwaa!" Kutazama visigino, vimelingana. Siku ile nilirudi nyumbani nimepona kabisa. Siku ya tatu, yale yale.

Mpaka sasa nimekwenda mara 11, kila mara shilingi 35,000. Ni 385,000, na kodi ya kibanda changu ni 60,000 kwa mwezi. Kila nikifika anasema nyonga imehama tena kwa sababu sifuati masharti. Masharti yenyewe: nisimbebe mtoto, nisiinue ndoo, nisikunje nne, nisiiname bila kushika kitu. Amesema itabidi niwe narudi maisha yangu yote, na nikipata mimba nyingine mgongo utapinda moja kwa moja. Mume wangu naye amenikatia kipande cha ngozi, ananiwekea ndani ya kiatu cha kulia ili miguu ilingane.

Mtoto ananinyooshea mikono nimbebe, mimi namwita dada yake. Hilo linaniumiza kuliko kiuno. Naomba uniambie ukweli: nyonga yangu imehama? Niendelee kwenda? Au niuze cherehani nitafute kazi nyingine?

Fundi, Morogoro

*

Marahaba, mdogo wangu.

Mbebe mtoto. Leo hii, ukimaliza kusoma. Mambo mengine yote nitakayokuandikia ni maelezo ya sentensi hiyo.

Kwanza nikusahihishe kidogo: mimi si daktari wa kuandika dawa, ni mtu wa fiziotherapia. Na nina jambo la kukiri. Nilipoanza kazi, nami nilikuwa nawalaza watu kifudifudi na kulinganisha visigino. Tulifundishwa hivyo, tukaamini. Siku moja mimi na mwenzangu tulimpima mgonjwa mmoja, kila mtu kwa wakati wake, tukaandika majibu kwenye karatasi bila kuoneshana. Mimi niliandika kwamba nyonga ya kulia imezunguka mbele. Yeye aliandika ya kushoto. Mgonjwa alikuwa na maumivu ya kweli kabisa, ila vidole vyetu vilikuwa vinasoma vitabu viwili tofauti. Kwa hiyo huyo bwana wako simwiti tapeli. Huenda anaamini kila neno analokwambia. Lakini analokwambia si sahihi, na linakugharimu.

Hapo unapogusa kwa kidole kimoja pana kiungo kinachoitwa sakroiliaki. Vipo viwili, kulia na kushoto, pale ambapo mfupa wa pembetatu ulio chini ya uti wa mgongo unakutana na mifupa mipana ya nyonga. Kazi yake ni kupitisha uzito wa kiwiliwili kwenda miguuni. Nyuso zake zina mabonde na vilima vinavyoshikana, na juu yake zimefungwa kano ambazo ni miongoni mwa kano imara kuliko zote mwilini. Kinacheza, ndiyo, lakini kidogo mno.

Kidogo kiasi gani? Chukua pakiti ya sindano zako za cherehani. Ile namba 14 imeandikwa 90/14. Hiyo 90 ni unene wa sindano: milimita 0.9. Mwaka 1989 watafiti wa Sweden walipandikiza vipira vidogo sana vya madini ya tantalamu ndani ya mifupa ya wagonjwa 25 wenye maumivu ya kiungo hiki, kisha wakawapiga eksirei katika mikao mbalimbali. Kwa wastani kiungo kilizunguka nyuzi 2.5 (nyuzi za pembe, si za kushonea) na kusogea milimita 0.7. Haifikii hata unene wa sindano yako. Sasa vidole viwili vya kisigino vinatoka wapi? Kiungo hiki kikihama kwa sentimita, mtu anakuwa ametolewa kwenye ajali ya gari na kano zimekatika. Hatembei kwenda kwa mtu wa kumminya, anabebwa kwa machela.

Najua utasema: lakini mimi na mume wangu tumeona kwa macho, visigino vilitofautiana, akaminya, vikalingana. Sikatai mliyoyaona. Mwaka 1998 watafiti wa Sweden walirudia mbinu ile ile ya vipira, safari hii kwa wagonjwa kumi, wakawapima kabla na baada ya kuminywa namna hiyo. Vipimo vya mikono vilionesha "imehama" kabla na "imerudi" baada, kama ilivyokuwa kwako. Picha zikaonesha mifupa haijasogea hata kidogo. Kilichobadilika ni misuli. Misuli ya ubavuni na ya kiuno ikikaza upande mmoja kwa sababu ya maumivu, huvuta mguu juu ukiwa umelala. Ikilegea, mguu unashuka. Ule mlio wa "kwaa!" ni gesi ndani ya maji ya kiungo, sawa na unapovunja vidole vyako vya mkono. Na nafuu ya siku mbili ni nafuu halali, kwa sababu mishipa ya fahamu inatulia ikiminywa hivyo. Ila umelipia kutulizwa, mara 11, ukiandikiwa risiti ya kurudishiwa mfupa.

Kuhusu hilo la nyonga kuzunguka, nakuuliza wewe unayepima watu kutwa kucha: umewahi kupima mteja aliyelingana pande zote? Mara ngapi umekata suruali mguu mmoja ukarefusha pindo la mwingine? Mara ngapi umeweka sponji bega moja nene kuliko lingine ili shati lisikae upande, na mteja mwenyewe hajawahi kuumwa bega? Mifupa nayo iko hivyo. Mwaka 2008 watafiti wa Uingereza walipima fupanyonga 30 za maiti wakakuta kwamba kwa mtu yule yule, pembe ya mfupa wa kulia na wa kushoto zinaweza kupishana mpaka nyuzi 11. Hawakuwa wamepindishwa na kitu, ndivyo walivyoumbwa. Kwa hiyo mtu anapoweka dole gumba hapa na dole gumba pale akasema huu uko juu, anaweza kuwa anasoma umbo lako ulilozaliwa nalo. Urefu wa miguu ni hivyo hivyo: uchambuzi uliochapishwa 2005 ulikuta watu 9 katika 10 wana tofauti fulani, kwa wastani kama milimita 5. Wengi wao hawajui, na hawana sababu ya kujua.

Basi maumivu yametoka wapi, kama mfupa haujahama? Mimba hulegeza kano za nyonga, na uzito wa tumbo hubadilisha namna unavyosimama na kutembea. Karibu mjamzito mmoja kati ya watano hupata maumivu ya eneo hili. Wengi hupona ndani ya miezi michache baada ya kujifungua, wachache hubaki nayo, na wewe umeangukia kwa hao wachache. Kano zenyewe zilishakaza zamani. Kinachobaki ni kiungo kilichokasirika, na misuli iliyosahau kazi: ya makalio, ya ndani ya tumbo, na ile ya sakafu ya nyonga inayobana mkojo. Na hapa ndipo masharti yale yamekuharibia. Mwanamke aliyezoea ndoo na mtoto, ukimkataza vyote kwa miezi, unamdhoofisha misuli ile ile inayokishika kiungo. Halafu akiumia kwa kuinua kidogo, unamwambia: umeona?

Maelezo yako yanafanana sana na ya kiungo hiki: kidole kimoja, kujigeuza kitandani, mguu mmoja, paja lakini si chini ya goti. Picha kuwa safi hakunishangazi, maana maumivu ya aina hii kwa kawaida hayaonekani kwenye eksirei. Mtu wa fiziotherapia atakithibitisha kwa kukibana na kukivuta kwa namna tano sita tofauti aone ipi inaleta maumivu yako yale yale. Zikiwa tatu au zaidi, hapo ndipo tunasema pengine ndicho. Angalia tofauti: anatafuta kinachouma, hatafuti kilichohama.

Nyumbani fanya jaribio hili. Lala chali kwenye mkeka, miguu imenyooka. Inua mguu wa kulia bila kukunja goti, kama sentimita 20 tu, usikie uzito wake. Ushushe. Kisha mume wako akubane nyonga kwa viganja viwili, kulia na kushoto, uinue tena. Ukiona mguu umekuwa mwepesi ghafla, ujue nyonga yako inahitaji kushikwa, na misuli ndiyo ya kuifundisha kazi hiyo. Wakati inajifunza, unaweza kuazima msaada wa kanga. Usiifunge tumboni kama tulivyofungwa na mama zetu baada ya uzazi. Iteremshe, ipite kwenye nyonga zenyewe, chini kidogo ya ile mifupa miwili inayochomoza mbele, uikaze vizuri. Ndiyo, nakwambia ufunge kibwebwe, kwa maana zote mbili. Ivae ukiwa kazini au kwenye mwendo mrefu, ukilala vua.

Mazoezi sasa. Huko Norway, utafiti uliotoka 2004 uliwapa wanawake wenye maumivu kama yako baada ya kuzaa mazoezi ya nguvu ya misuli ya nyonga na kiuno kwa wiki 20. Walipona vizuri zaidi kuliko wenzao waliopata tiba ya viungo isiyo na mazoezi hayo, na tofauti ilikuwepo bado miaka miwili baada ya kujifungua. Shika hiyo 20 kichwani. Wewe umeshatumia wiki 11 kulala kwenye meza ya mtu.

Anza na kuinua makalio: lala chali, magoti juu, nyayo chini, bana makalio na uyanyanyue mpaka mwili uwe kama mteremko wa paa. Hesabu tano, shuka taratibu. Mara kumi, pumzika, rudia mara mbili. La pili ni kulala ubavu wa kushoto magoti yamekunjwa, ufungue goti la juu kama kitabu bila kiuno kugeuka nyuma. Wengi hudanganya hapa, wanaviringika mgongo. Mweke binti yako mkubwa akushike kiuno. La tatu ni kigoda: kaa, simama, kaa, simama, bila kutumia mikono. Ukiweza 15 bila shida, shika ndoo ya lita 10 yenye maji nusu, kisha ijaze. Siku tatu au nne kwa wiki zinatosha, na kila siku isiyo na mazoezi, tembea.

Utaumia kidogo, na hilo halina ubaya. Kipimo changu ni hiki: maumivu yasizidi 3 au 4 kati ya 10, na asubuhi ya kesho yake yawe yamerudi yalipokuwa. Yakizidi, punguza idadi, usiache.

Cherehani usiuze. Kanyaga kwa miguu yote miwili, usiiachie ya kulia peke yake, na kiti kiwe na kimo cha kufanya magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Kila uzi wa bobini unapokwisha, kabla hujajaza mwingine, simama, nenda mpaka mlangoni, rudi. Mkao mbaya wala si tatizo. Mkao mmoja kwa saa nzima ndio tatizo, hata uwe mzuri kiasi gani. Kukunja nne, kunja, ukichoka badilisha. Sketi vaa umekaa kitandani kwa wiki hizi za mwanzo. Usiku weka mto katikati ya magoti, na ukijigeuza yabane pamoja kama umeshikilia sarafu. Mtoto mbebe mgongoni kwa mbeleko, au ubavuni ukibadili pande. Kumwinua kutoka chini, msogeze kwanza mwilini mwako, ndipo usimame.

Mimba nyingine? Aliyewahi kuumwa hivi ana nafasi kubwa zaidi ya kuumwa tena, sitakuficha. Lakini mgongo haupindi kwa sababu hiyo, na anayeingia kwenye mimba akiwa na misuli imara huwa na hali nzuri zaidi.

Nimefurahi umetaja homa na mkojo bila kuulizwa, kwa sababu si kila maumivu ya hapo ni ya kiungo kilichochoka. Kukakamaa dakika tano asubuhi hakunitishi. Ingekuwa zaidi ya nusu saa, ukalegea kwa kufanya kazi na kuzidi kwa kupumzika, ukaamka usiku wa manane kwa maumivu, au jicho likawa jekundu na kuuma, ningekutuma hospitali kutafuta ugonjwa wa baridi yabisi ya uti wa mgongo. Homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito, kwetu huku lazima tufikirie kifua kikuu cha mifupa. Homa kwa mtu anayekunywa maziwa mabichi, tunafikiria brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, maana unakipenda sana kiungo hiki. Na ganzi sehemu unayokalia, mkojo kugoma au kutoka wenyewe, au mguu kulegea: hapo husubiri kesho, unakwenda siku hiyo hiyo.

Ukipata nafasi, nenda idara ya fiziotherapia ya hospitali ya mkoa mara moja au mbili upate mtu wa kukuangalia ukifanya mazoezi. Akikukanda tu dakika ishirini akakwambia urudi wiki ijayo, muulize: "Mimi nyumbani nafanya nini?" Kama hana jibu, tafuta mwingine. Yule wa shilingi 35,000 huna haja ya kugombana naye. Mwambie umepata mazoezi, basi. Niandikie baada ya wiki sita, uniambie ndoo imefikia lita ngapi.

Na kile kipande cha ngozi, kitoe kwenye kiatu. Mshukuru baba watoto, alifanya kwa mapenzi. Kitafaa kuzibia mkanda wa cherehani siku ukikatika.